Namna Wachoraji wa Katanga Walijitayarisha Kuonyesha na Kuuzisha Kazi Yao

Kila mwaka, wakati masomo ya historia yanafika kwenye sura ya utamaduni, wanafunzi wetu wanatuuliza: juu ya nini picha za watu wa kwetu ziko Ulaya, na majina ya waliozichora hatuyajui? Vijana wengine wanauliza jambo la karibu zaidi, kwa sababu wanachora wenyewe na wanataka kupeleka kazi yao kwenye maonyesho ya kuuzia: wapeleke picha ngapi, wataje bei gani, waseme nini mbele ya mnunuzi. Kwa mawazo yetu, hayo maswali mawili ni swali moja tu. Mchoraji asipotayarisha mwenyewe jina lake, bei yake na maneno ya picha yake, kuna mtu mwingine atamtayarishia. Historia ya Katanga inaonyesha namna gani hiyo inaishaga.

Zamani, bankambo wetu hawakujua soko la sanaa kama la leo. Mchongaji wa Kiluba au wa Kihemba alifanya kazi kwa kuagizwa. Chifu alitaka kiti chake, alituma mtu, mchongaji alipata malipo yake, na watu wote wa pale walijua ni nani amechonga. Hapakuwa lazima ya kuandika jina juu ya mti. Shida ilianza siku vitu vilitoka kijijini. Mbelgiji Frans Olbrechts alitambua kwamba viti na sanamu fulani, zenye nyuso ndefu na mikono mikubwa, vilitoka katika mkono mmoja au katika kundi moja la wachongaji. Alikosa jina la mtu, akatumia jina la mahali: Bwana wa Buli. Ilipita miaka mingi mpaka utafiti mwingine ulileta jina la Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Mtu ambaye kila mmoja wa kwao alimjua, wataalamu walimtafuta kama mtu aliyepotea.

Tuje sasa kwa wachoraji wa karatasi. Mwaka wa 1926, kule Bukama, kwenye reli na mto Lualaba, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba zilizochorwa picha kwenye ukuta. Akamfahamu Albert Lubaki, aliyekuwa mchongaji wa pembe za tembo. Thiry alimletea karatasi na rangi za maji, juu ukuta wa udongo hausafiri na mvua inaufuta. Mke wa Lubaki, Antoinette, alichora pia. Picha zilitumwa Ubelgiji kwa Gaston-Denys Périer, na mwaka wa 1929 zikaonyeshwa mjini Bruxelles, katika jumba kubwa la sanaa, kisha Geneva mwaka wa 1930. Yote ambayo msanii wa leo anahangaikia, kutafuta mahali, kuchagua picha, kuzitundika, kuongea na watu wa magazeti, yalifanywa na watu wengine. Lubaki alibaki Afrika. Katika miaka ya 1930 uhusiano kati ya Thiry na Périer uliharibika, karatasi hazikuja tena, na habari za Lubaki zikapotea. Hatusemi Thiry alikuwa mtu mbaya. Bila yeye tusingekuwa na hata karatasi moja. Lakini njia ya kwenda kwa mnunuzi ilikuwa mu mikono ya watu wawili, na ilipokatika, mchoraji hakuwa na njia nyingine.

Elisabethville, mwaka wa 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo walifanya kazi Bela Sara, aliyechora kwa vidole, Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, na Mwenze Kibwanga, ambaye picha zake zimejaa mistari mifupi kama kitambaa kilichofumwa. Desfossés hakutaka wanakili Ulaya. Jambo zuri la Hangar ni kwamba kila mmoja alikuwa na mkono wake na jina lake, na majina hayo yalifika ng'ambo pamoja na picha. Lakini wanunuzi walikuwa karibu wote Wazungu, na mwalimu njo alisimama mlangoni kati yao na wachoraji. Alipokufa mwaka wa 1954, kazi ya Hangar iliingia katika shule ya sanaa ambayo Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mwaka wa 1951.

Tuongeze neno moja juu ya maonyesho makubwa ya Bruxelles ya mwaka 1958. Mafundi Wakongomani waliwekwa kule katika kijiji cha kuigiza, wakifanya kazi za mikono nyuma ya uzio, huku wageni wanapita wakiangalia. Wengine wakawatupia ndizi. Mwezi wa saba mafundi walichoka na matusi, wakarudi kwao. Pale, kilichoonyeshwa hakikuwa kazi. Kilichoonyeshwa ni mtu.

Mabadiliko ya kweli, kwa maoni yetu, hayakutoka katika shule wala katika jumba la maonyesho. Yalitoka barabarani, katika miaka ya 1960 na zaidi ya 1970, pale Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wachoraji hawa wengi hawakusoma sanaa. Walichukua mfuko wa unga, wakaufua, wakaukata na kuuvuta juu ya mbao nne, wakapaka rangi ya chini, kisha wakachora. Halafu mtu alibeba picha zake, mara nyingine rangi haijakauka vizuri, akapita mlango kwa mlango. Mnunuzi wake hakuwa Mzungu. Alikuwa mfanyakazi wa Gécamines au wa reli, mwalimu, karani, mtu mwenye nyumba yenye chumba cha wageni na ukuta mweupe unaongoja kitu.

Tuangalie vizuri namna walijitayarisha, maana iko na akili nyingi. Kwanza, walijua ukuta wa mteja: picha iwe ya kipimo gani, ipite mlangoni, ionekane kutoka kwenye kiti. Pili, walijua mteja anatafuta nini. Watu walitaka Mamba Muntu, mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu, anayeleta utajiri. Walitaka picha ya wakati wa Wabelgiji, na mfungwa anachapwa fimbo huku askari na Mzungu wanaangalia. Walitaka Lumumba, kijiji cha bankambo, simba na windo lake. Wenyewe waliziita ukumbusho, na neno hilo linasema yote: picha ilinunuliwa ili wageni wakikaa, maneno yaanze. Mchoraji basi alipaswa kujua hadithi ya picha yake vizuri kuliko mnunuzi. Bei ilikuwa ndogo, ya kulingana na mshahara wa mwezi, na ilipatanishwa palepale. Kurudia picha ileile mara kumi haikuwa haya. Ilikuwa agizo.

Katika hao alikuwamo Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka wa 1947. Mwishoni mwa 1973 alikutana na mtafiti Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Mtu mwingine angemuuzia picha tano na kwenda zake. Tshibumba yeye alikuwa na mpango kichwani: kuchora historia yote ya inchi, tangu bankambo mpaka Mobutu, picha moja baada ya nyingine. Alichora karibu mia moja. Kila alipoleta fungu, alikaa akaeleza picha kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na maneno yakarekodiwa. Alijiita mwanahistoria, akatia jina lake juu ya kitambaa na maandishi ya kueleza ni tukio gani. Ndiyo sababu, ingawa yeye mwenyewe hakuonekana tena tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na ingawa mfululizo ule uko Amsterdam na si Lubumbashi, hakuna anayeweza kuuita «kazi ya mchoraji asiyejulikana wa Katanga». Jina, tarehe na maelezo vilisafiri pamoja na kitambaa.

Tangu mwaka wa 2008 mji wetu una Rencontres Picha, biennale ya Lubumbashi, na vijana wengi wameanza kufikiri kwamba kualikwa pale au kwingine ni sawa na kuuza. Si sawa. Biennale inaonyesha, watu wanakuja kuangalia na kubishana. Maonyesho ya kuuzia, kama yale ya London yanayoitwa 1-54, yaliyoanza mwaka wa 2013, yanakodisha nafasi kwa nyumba za sanaa, na nyumba hiyo mara nyingi inabaki na nusu ya bei. Mtu asiyejua hesabu hiyo atataja bei ya barabarani, halafu atashangaa na kinachobaki. Na akitaja bei moja Lubumbashi na nyingine Ulaya kwa picha za kipimo kimoja, mnunuzi wa pili atajua kesho yake, maana hawa watu wanaongeana.

Tumewaona vijana wanapeleka picha ishirini bila kuwa na hata picha moja ya simu ya kazi hizo, bila karatasi yenye kichwa, kipimo, mwaka na bei. Zinauzwa au zinabaki kwa mtu wa kati, na baada ya miaka miwili mchoraji hawezi kueleza ziko wapi. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki ya mtunzi wa kazi katika inchi yetu, lakini hakimu ataomba ushuhuda, na ushuhuda ni daftari. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha: picha gani, imekwenda kwa nani, tarehe gani, kwa franga ngapi, na sahihi ya aliyeipokea, hata kama ni ndugu au rafiki aliyesema «nitakurudishia tu».