Pishi ya Tele

Kabatini kwangu, hapa Kikwajuni, iko pishi ya mti niliyorithi kwa bibi yangu mzaa mama. Ukingo wake umelika upande mmoja, maana kwa miaka mingi mkono ulioshika hapo ulikuwa ni ule ule. Ukiinusa ndani bado utasikia vumbi la mchele. Wajukuu zangu huichukua wakaifanya ngoma. Huwaachia kidogo, kisha nikairudisha mahali pake, kwa sababu Ramadhani ikiingia pishi hii ina kazi.

Hesabu yake ni ya zamani. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi 6 zinakaribia frasila moja, yaani ratli 35, kama kilo 16 za leo. Kwa vipimo hivi watu wa mwambao waliuziana mchele, mtama na kunde muda mrefu kabla ya mizani ya kilo kufika madukani. Lakini kipimo kimoja kilikuwa na sura mbili. Kibaba cha mfuto kilipitishwa mkono juu, nafaka ikawa sawasawa na ukingo. Kibaba cha tele kiliachwa na kilima chake, mpaka punje zikaanza kuporomoka zenyewe. Mnunuzi na muuzaji walikubaliana kwanza, mfuto au tele, ndipo wakazungumza bei.

Bibi alinunua kwa mfuto na akatoa kwa tele. Sikumsikia hata siku moja akilitolea jambo hilo maelezo. Nilimwona tu: amekaa juu ya mkeka, gunia limefunguliwa mdomo, anachota, anatikisa pishi mara moja ili mchele ushuke, halafu anaongeza kwa kiganja mpaka kilima kisimame. Nilipojaribu kuisawazisha kwa mkono, kama nilivyoona kwa mwenye duka, alinizuia. "Hiyo ya dukani, mwanangu. Hapa hatuuzi."

Pishi ilikuwa pia kipimo cha dini. Vitabu vya fiqhi vinasema zaka ya fitri ni swaa moja ya chakula kikuu cha mji kwa kila mtu wa nyumbani, na swaa ni mudi nne. Masheikh wetu walipoyasomesha hayo kwa Kiswahili hawakwenda mbali kutafuta maneno: mudi wakaiita kibaba, swaa wakaiita pishi, kwani vibaba vinne navyo hufanya pishi moja. Sisi wengi wetu ni watu wa madhehebu ya Shafi, kwa hiyo tunatoa chakula chenyewe, na kwa Unguja chakula hicho ni mchele. Siku hizi hutangazwa kilo 2.5 kwa kila kichwa. Inatakiwa ifike kabla ya sala ya Idi, ili asubuhi ile pasiwe na nyumba isiyowasha moto.

Katika sheria hiyo kuna mambo mawili ambayo utotoni niliyapita juu juu, na sasa nayaona ndiyo kiini. La kwanza, nafaka iwe nzima. Iliyoingia wadudu au iliyobadilika harufu haimtoi mtu katika deni lake, hata akiipima magunia kumi. La pili, fitri haikuwekewa matajiri peke yao. Inamlazimu kila aliyebakiwa na ziada ya chakula chake na cha watu wake kwa usiku na mchana wa Idi. Kwa hiyo mjane aliyeletewa pishi tano usiku, akiona zinamtosha na kumzidi, naye huchota akampelekea mwenzake. Katika mtaa wetu usiku wa kuamkia Idi mchele ulikuwa ukipishana njiani. Ungesimama barazani usingeweza kusema huyu ni mtoaji na yule ni mpokeaji, kwa kuwa wengi walikuwa yote mawili.

Ramadhani nzima ilikwenda kwa adabu hiyo hiyo. Baada ya sala ya alasiri majiko yalianza kufuka: muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, tambi, mkate wa kumimina. Kabla ya Magharibi sisi watoto tulipewa sahani, kila moja imefunikwa kwa kawa la ukili, tukatumwa nyumba hadi nyumba. Sahani yetu ilikwenda kwa jirani, na ya jirani ikaja kwetu. Katika msafara huo wa sahani zilikuwamo zile zilizokwenda kwenye nyumba ambayo tangu asubuhi haikuwa na kitu jikoni. Kawa ni lile lile, mtoto ni yule yule, saa ni ile ile. Aliyepita njiani hakuweza kujua ni sahani gani ya ujirani na ipi ya sadaka.

Nakumbuka nyumba moja karibu na mwembe. Mwenyewe alikuwa mwanamke aliyefiwa na mume, na watoto wake walikuwa wadogo. Bibi alinifunza maneno kabla sijatoka: "Piga hodi, ungojee ujibiwe. Usichungulie ndani. Mwambie bibi anakusalimu, anasema leo amekosea kipimo, chakula kimekuwa kingi, amsaidie kisiharibike." Nilikwenda nikasema hivyo hivyo, siku baada ya siku, na nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba bibi yangu, fundi wa vipimo, hakuwahi kukosea hata kimoja. Alikuwa akimpa yule mwanamke nafasi ya kuwa ndiye anayesaidia.

Na sahani ile haikurudi tupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Siku moja kilirudi na ndimu tatu, siku nyingine na majani ya mchaichai, siku nyingine na chumvi kidogo ndani ya karatasi. Bibi alizipokea ndimu zile kama kaletewa mbuzi. Alizikata pale pale tukazitia kwenye samaki, kisha akanituma tena nikashukuru.

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," wazee walisema. Bibi alikubali, kisha akaongeza lake: mkono nao una adabu zake.

Adabu hiyo aliijua kwa sababu aliwahi kuikosa. Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliiteka Burma, na mchele wa Burma uliokuwa ukilisha Zanzibar ukakatika. Visiwa hivi vilikuwa vimejaa karafuu, na tangu karne ya 19 vilikuwa vikila mchele wa kuletwa kwa jahazi na meli. Serikali ya kikoloni ikaanzisha mgao. Lakini mgao wa mchele haukuwa sawa kwa wote: ulifuata kabila la mtu lilivyoandikwa daftarini. Bibi alikuwa binti mwenye mtoto mchanga. Alikula muhogo kama wengi wa Ng'ambo, upande wetu huu wa mji, na muhogo hakuulalamikia hata siku moja. Lililomkaa moyoni mpaka anakufa ni lile la kusimama mbele ya meza, mtu akatazama karatasi kwanza, kisha akamtazama yeye, ndipo akaamua anastahili chakula gani. "Tumbo halina kabila," alituambia kila mara hadithi hiyo ilipofika mwisho.

Mimi nililiona langu miaka ya uhaba baada ya uhuru, nilipokuwa mwalimu kijana. Nilivuka kwenda Dar es Salaam kumtembelea shangazi nikakuta mjini unauzwa unga wa mahindi ya njano, mahindi yaliyoletwa kutoka nje. Watu waliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ile. Wengi waliamini ni chakula cha mifugo. Shangazi aliusonga ugali wake vizuri, akautenga, kisha akafunga mlango wa uani. Nilimuuliza mbona anafunga na joto ni kali. Akasema hataki jirani auone ugali wa njano mbele ya mgeni wake. Unga ule ulikuwa na lishe na uliokoa watu, hilo silikatai. Lakini tangu siku ile najua kwamba mtu anaweza kushiba na bado akawa na kitu cha kuficha.

Kwa hiyo niliposoma habari za benki za chakula za wenzetu wa mbali, kitu kimoja kilinigusa. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1967 mjini Phoenix, Marekani, na John van Hengel, mtu aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini. Husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa mama mmoja aliyekuwa akilisha watoto wake vyakula vilivyotupwa na maduka. Mama huyo ndiye aliyemwambia pangekuwa na mahali kama benki, mwenye ziada akaweka na mwenye haja akachukua. Nilisoma nikamkumbuka yule wa nyumba ya mwembe. Aliyeijua njaa ndiye aliyejua iondolewe vipi, na neno alilolichagua ni neno la heshima: benki haimwiti anayekwenda kuchukua fedha ombaomba.

Na sisi mtaani tunalo ghala letu dogo. Ni chumba kimoja tu nyuma ya nyumba. Tuko wanawake saba, na Ramadhani tunapokea mchele, unga wa ngano, sukari, tende na mafuta, tukavigawa. Kwa miaka mingi kazi ilikwenda vizuri. Kisha mwaka mmoja akaja mfadhili, nami simtaji, kwani ninachotaka kusimulia ni kosa letu sisi. Alileta magunia mengi na sharti moja: wanaopewa wajipange, wapigwe picha. Tulitazamana, tukayatazama magunia, tukakubali.

Walijipanga saa saba ya mchana, wamefunga. Kila mmoja aliitwa jina, akashikishwa kifurushi mkono mmoja na mfadhili akakishika upande wa pili, wote wakaelekezwa kutazama kamera. Katikati ya mstari alikuwapo mama mmoja niliyewasomesha wanawe skuli. Alipoitwa alivuta mtandio ukafika chini ya macho. Mpiga picha akamwambia afunue uso kidogo. Akafunua. Picha ikapigwa. Alipopita mbele yangu hakunitazama, na mimi sikuweza kumtazama. Jioni tulipofungua gunia la mwisho tukakuta mchele una wadudu na umeshika uvundo. Mwenzetu mmoja akasema wataupembua. Nikaikumbuka pishi kabatini, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Usiku ule nilikwenda kwa yule mama. Nilipiga hodi, nikangoja nijibiwe. Sikuwa na visingizio vya kipimo. Nilimwomba radhi. Akanikaribisha, akaninywesha maji, akasema: "Mwalimu, mchele nimeupokea. Lakini mwanangu wa kidato cha pili ataiona picha ile kwenye simu za wenzake. Kwa hilo sijui nimwambie nini." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tangu mwaka ule tumeyarudia ya zamani. Picha hazipigwi. Anayetaka kuona mchele wake umekwenda wapi, tunamwonesha daftari lenye hesabu bila majina. Vifurushi vinafungwa sawasawa, vinatoka baada ya sala ya Isha, na wanavipeleka watoto, tena wanakwenda nyumba zote za mtaa, hata zilizojaliwa, ambako hufikisha sahani ya tambi au tende chache. Mchele hatuupokei mpaka tuutie kiganjani, tuunuse, tuulize kama mwenye kuuleta angeupika kwake. Wakati mwingine tunamrudishia kwa upole, na wengi wanaelewa.

Tumejifunza pia kuuliza. Maharage makavu ni chakula kizuri, lakini yanakula makaa ya siku mbili, na mwenye seredani moja na makaa ya kununua kwa kopo yatamlemea. Mzee mwenye maradhi ya sukari kilo mbili za sukari hazimfai, unga wa mtama utamfaa. Mwenye mtoto mchanga huenda anahitaji sabuni kuliko tende. Maswali haya hatuyaulizi kwenye mstari. Tunayauliza barazani, wakati wa kusukana nywele, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Usiku wa kuamkia Idi iliyopita nilikuwa ghalani peke yangu, napima fitri za mwisho kwa pishi ya bibi. Mlango ukabishwa. Alikuwa ni yule mama. Mwanawe sasa ana kazi bandarini. Alikuwa na mchele kwenye mfuko, akasema ni fitri ya nyumba yake, watu wanne, ameinunua mwenyewe, ila hakuwa na uhakika wa kipimo.

Nilitaka kumpimia. Kisha nikaona siyo, nikamwachia pishi. Alikaa chini, akakunja mtandio magotini, akachota. Alitikisa mara moja mchele ushuke. Akaongeza kwa kiganja, akaongeza tena, mpaka kilima kikasimama na punje chache zikaporomoka mkekani. Alirudia mara nne. Mfukoni mwake zilibaki punje za kuhesabika, akazimimina nazo, akakung'uta.

Tulikaa tukaziokota zile za mkekani, moja moja, bila kuzungumza.