Mkono Uliokataa Kazi

Najua mmezoea hapa tunaongelea boom na madesa, na nikisema historia mnafikiria Mkutano wa Berlin au Majimaji. Leo tubadilishe kidogo. Nawaletea historia ya kipimo, maana kuna watu walioambiwa wana ugonjwa usiopona kumbe wana unaotibika, na kilichowaokoa ni mtu kupima mahali ambapo wenzake hawakupima.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi unaitwa MMN, aina ya nyuropathi. Unashika mishipa ya fahamu inayopeleka amri kwenye misuli, tena kwa vipande, hapa na pale. Kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia mishipa ya mwenyewe. Ni ugonjwa adimu sana. Mtu wa miaka kama 40 hivi, mara nyingi mwanaume, anaona vidole vya mkono mmoja vinalegea. Kufunga kifungo cha shati tabu, kuzungusha ufunguo tabu. Kwa sisi walimu watarajiwa, ni chaki kudondoka mkononi. Ajabu ni kwamba hana ganzi. Ukimgusa anasikia kama kawaida, ila mkono umekataa kazi.

Sasa hapo ndipo kasheshe ilipo. Dalili hizo zinafanana mno na za ALS, ule ugonjwa aliokuwa nao Stephen Hawking. Katika ALS, seli za ubongo na uti wa mgongo zinazoamrisha misuli zinakufa, na wengi hufariki ndani ya miaka michache. Hawking kuishi nao zaidi ya miaka 50 ilikuwa ni ajabu yake. Kwa hiyo mwenye MMN angeweza kabisa kupewa jina la ALS na kurudi nyumbani kuaga ndugu.

Jamani, fikirieni taa isiyowaka. Balbu imeungua? Jenereta imekufa? Au panya ametafuna waya katikati? Ukiangalia kwa macho, giza ni lile lile. Fundi anachukua testa, anapima hapa, anapima pale.

Testa ya mishipa ya fahamu ilianza na chura. Mwanasayansi wa Ujerumani, Johannes Müller, aliona kwamba mwendo wa ishara kwenye mshipa huenda usipimike kamwe. Mwanafunzi wake Hermann von Helmholtz akaupima mwaka 1850, akiwa na miaka 28. Aligusa mshipa wa chura kwa umeme karibu na msuli, kisha mbali nao, akalinganisha muda. Akapata kama mita 27 kwa sekunde. Mwaka 1948 Hodes, Larrabee na German, huko Marekani, walipima hivyo kwa binadamu, wakiwemo watu wenye mishipa iliyojeruhiwa.

Tukio kubwa kwa hadithi yetu ni la 1982. Lewis, Sumner na wenzao waliandika kuhusu wagonjwa 5 wenye jambo la pekee. Ukigusa mshipa kwenye kifundo cha mkono, msuli unaruka vizuri. Ukigusa mshipa ule ule juu zaidi, msuli unaruka kidogo tu. Maana yake ishara inakwama njiani! Jenereta nzima, balbu nzima, tatizo ni waya. Ila hao walikuwa na ganzi pia. Ndipo Parry na Clarke, mwaka 1988, wakaeleza wagonjwa wenye mkwamo huo huo waliofanana kabisa na wenye ugonjwa wa seli za mota.

Mwaka huo huo Pestronk na wenzake walieleza wagonjwa 2 wenye kingamwili dhidi ya GM1, mafuta fulani yaliyomo kwenye mishipa ya fahamu. Prednisoni haikuwasaidia, lakini walipopewa saiklofosfamidi nguvu zikarudi. Miaka ya 1990 ikaja tiba nyepesi zaidi kwa mgonjwa, yaani immunoglobulini zinazotengenezwa kutoka plazma ya wachangiaji damu na kuingizwa kwa dripu. Marekani iliziidhinisha kwa MMN mwaka 2012. Haziondoi ugonjwa moja kwa moja, inabidi zirudiwe, ila mkono unafanya kazi. Na mjue kwamba dawa za steroidi zinaweza hata kumzidishia mgonjwa wa MMN, kwa hiyo kupata jina sahihi si mchezo.

Lakini testa ina mpaka wake. Mkwamo ukiwa juu kabisa karibu na shingo, umeme wa kipimo haufiki vizuri. Hapo ndipo picha zilipoingia. Mwaka 1997 Van Es na wenzake wa Uholanzi walitumia MRI, wakaona mishipa kati ya shingo na kwapa imevimba kwa wagonjwa wa MMN. Mwaka 2005 Beekman na wenzake, Uholanzi huko huko, wakaonyesha uvimbe huo kwa altrasaundi, mashine ile ile ya kuangalia mimba. Mshipa uliovimba peke yake hautoshi kusema ni MMN. Ukoma nao huvimbisha mshipa wa kiwiko, ila ukoma unaleta ganzi. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa 2006 uliiweka MRI kama ushahidi wa kuunga mkono, na kipimo cha umeme kikabaki kuwa msingi.

Kinachoniuma ni muda. Mshipa ukikaa umekwama miaka mingi bila tiba, waya wenyewe unakufa ndani, na hapo hata dripu hairudishi nguvu yote. Kwa hiyo wadau, mkimwona mtu mkono mmoja unalegea bila ganzi wala maumivu, msimwambie amerogwa na msimwambie atazoea. Mwambieni aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, aulize kama mshipa wake unaweza kupimwa kwa umeme, kipande kwa kipande.

Haya, saa nane nina kipindi na desa sijalisoma. Wiki njema!