Garimoshi la Picha ya Zombo

Tuseme mzee wa Zombo, huko Kilosa, ametuwekea mkekani picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, pembe zake zimeliwa na mende, na ndani yake garimoshi limesimama porini, watu wamejipanga mbele yake kwa kanzu na kofia; naye, kwa kuwaheshimu waliomtangulia, anatuambia kuwa hilo ni gari la Mjerumani, kwani ndivyo alivyosikia kwa babaye. Haitupasi kumkatiza, lakini picha ina ulimi wake, na ulimi huo, kwa mwenye kuujua, husema bayana kuliko masimulizi.

Mjerumani alianza kuitandaza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, akaifikisha Kigoma mwaka 1914, na Kilosa ilikuwa miongoni mwa stesheni zake, kando ya mto Mkondoa ambao hata leo haujachoka kuibomoa njia. Lakini njia itokayo Kilosa kuelekea kusini, kwenda Mikumi hata Kidatu kwenye mashamba ya miwa, si kazi yake: iliwekwa katika zama za Shirika la Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli ya Tanganyika na ile ya Kenya na Uganda, na Kidatu haikufikiwa ila katika muongo wa 1960. Basi ikiwa picha imepigwa upande huu wa Zombo, gari lililomo limepita humo miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka, na huenda wanaolizunguka walikwisha kuwa raia wa nchi huru.

Dalili ya kwanza ya kutafutwa ni namba. Shirika lile liliyapa magari yake tarakimu nne, mbili za mwanzo zikiwa za aina na mbili za mwisho zikiwa za gari lenyewe. Hivyo 3020 ni gari la 20 katika aina ya 30. Aina za 29, 30 na 31, zilizotoka Uingereza katika muongo wa 1950, za 29 na 30 zikiundwa na North British ya Glasgow na za 31 na Vulcan Foundry ya Newton-le-Willows, zilipewa majina ya makabila ya Afrika ya Mashariki, yakaandikwa kwenye vibao ubavuni. 3020 liliitwa Nyaturu, kwa watu wa Singida, nalo limehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Mimi hustaajabia jambo hili kila nikilikumbuka, ya kwamba chuma kilichofuliwa mbali hivyo kilikuja kikibeba jina la kaumu ambayo wengi wa wahunzi wake hawakupata kuiona.

Ikiwa namba imefutika, yahesabiwe magurudumu. Mmarekani Frederick Methvan Whyte ndiye aliyeweka kanuni ya kuyataja magari kwa magurudumu ya mbele, ya kati yavutayo mzigo, na ya nyuma. Na kwa kuwa picha hutuonyesha ubavu mmoja tu, sharti kila tuonacho tukizidishe kwa mbili. Gurudumu moja dogo mbele, manne makubwa kati na moja nyuma hufanya 2-8-2, kama zilivyo za aina ya 29. Lakini yakiwa mawili nyuma, yaani 2-8-4, basi ni aina ya 30 au ya 31, na hapo jicho liende kwenye tenda, lile behewa la maji na mafuta lifungwalo nyuma ya kichwa, kwani za 30 zilipewa tenda kubwa kwa ajili ya nyika kavu za Reli ya Kati. Na likiwa gari refu mno, lenye seti mbili za magurudumu na tangi la mvuke limening'inia katikati, hilo ni Garratt. Ila Garratt za aina ya 59, zilizopewa majina ya milima kama Shengena ya Upare, zilifanya kazi baina ya Mombasa na Nairobi, na kwa hiyo picha yake haikupigwa Kilosa, hata aliyeiandika nyuma aapishwe.

Bomba la moshi nalo lina taarikhi yake. La mviringo ni la kuundwa nalo. Lakini lililobanwa likawa jembamba na refu kwa urefu wa gari ni la mtindo wa Giesl, mhandisi wa Austria, ambao Shirika liliyafungia magari mengi ili yapunguze mafuta. Picha yenye bomba hilo haiwezi kuwa ya zama za Mjerumani kwa hila yoyote.

Turudi sasa kwenye mkeka. Watu waliosimama mbele wameificha namba, na kibao cha jina kimezibwa na bega la kijana mrefu. Lakini baina ya miguu yao magurudumu yaonekana, na mzee, akiisogeza picha kwenye nuru ya mlangoni, ameanza kuyahesabu mwenyewe kwa ncha ya kidole.