Adjuda: cheo kilichokuwa mwisho wa njia kwa askari Mkongomani

Katika majeshi mengi ya dunia, adjuda anasimama katikati. Yuko juu ya masajenti, lakini chini ya maofisa. Anapokea amri kutoka juu na kuhakikisha askari wanaitekeleza, na yeye ndiye anayejua nani hajalipwa na nani anaumwa. Cheo hiki tulikirithi kwa Wabelgiji, na historia yake hapa Kongo ni chungu.

Wakati wa ukoloni jeshi letu liliitwa Force Publique. Askari wake waliteka Tabora mwaka 1916, na mwaka 1941 wakawashinda Waitaliano huko Saio, Ethiopia. Lakini hata siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa na Mkongomani hata mmoja aliyekuwa ofisa. Askari walizidi 20,000, na maofisa wao, karibu 1,000, wote walikuwa Wabelgiji. Cheo cha juu ambacho Mkongomani aliweza kufikia kilikuwa adjuda, nacho alikipata miaka ya mwisho tu ya ukoloni.

Uhuru ulipofika, wanasiasa wakawa mawaziri na wabunge. Askari wakabaki chini ya wakubwa wale wale. Tarehe 5 Julai, Jenerali Émile Janssens aliwakusanya askari katika kambi ya Léopold II mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Aliandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawa. Siku hiyo hiyo maasi yalianza, yakaenea hadi Thysville, inayoitwa sasa Mbanza-Ngungu. Maofisa walikamatwa, wengine wakapigwa, na familia za Wazungu zikakimbia.

Waziri Mkuu Patrice Lumumba alimwondoa Janssens na kumpandisha kila askari ngazi moja. Victor Lundula, burugumesta huko Jadotville, Likasi ya leo, akawa jenerali na mkuu wa jeshi. Joseph Mobutu, sajenti wa zamani aliyekuwa ameingia kazi ya uandishi wa habari, akawa kanali na mnadhimu mkuu wa jeshi. Jeshi likapewa jina jipya, Armée Nationale Congolaise. Maadjuda na masajenti wakashika kazi za maofisa ndani ya siku chache, bila mtu yeyote kuwatayarisha.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Tarehe 10 Julai wanajeshi wa Ubelgiji waliingilia kati bila idhini ya serikali, na kesho yake Katanga ikatangaza kujitenga. Mwezi Septemba, Mobutu akaipindua serikali ya Lumumba.

Wengi husema Kongo iliharibika kwa sababu askari hawakuwa na nidhamu. Lakini watu hao walitii kwa miaka mingi, vitani na kambini. Walichonyimwa ni njia ya kupanda. Adjuda alipaswa kuwa ngazi ya kumfikisha askari mwenye uwezo kwenye uofisa, nao Wabelgiji wakaifanya kuwa dari. Siku dari ilipopasuka, iliangukia nchi nzima.