Kuku wa kupaka: Mambo ya kujua kabla hujauziwa mchuzi wa manjano Mombasa

Wasee wa Nairobi tuko na ugonjwa mmoja. Unakata tiketi ya SGR, unakaa kwa treni karibu masaa matano, unashuka Miritini jasho ikikutoka, halafu kitu ya kwanza unatafuta ni chipsi kuku. Ile ile chipsi kuku uliyoacha River Road. Zii. Mombasa iko na kuku wake, na ukirudi bara bila kumwonja, ulienda tu kuangalia maji.

Anaitwa kuku wa kupaka, na jina lenyewe ndilo maelezo: anachomwa kwa makaa, halafu anapakwa tui zito la nazi lenye viungo. Kwenye menyu nyingi za Nairobi utapata wameandika "kuku paka", na lazima kuna msee mmoja mezani ataulizia huyo paka ametolewa wapi. Tulia. Hakuna mnyama wa pili kwa sahani.

Mara ya kwanza niliuziwa hewa. Ilikuwa hoteli fulani ya karibu na bichi, viti vyeupe, bei ya kukutoa machozi. Nikaletewa vipande vya kuku vinaogelea kwenye mchuzi wa manjano, tamu kiasi, lakini hakuna moshi, hakuna mahali pameungua hata kidogo. Kesho yake nikasimulia mzee mmoja mchoma kuku kule Mji wa Kale. Akacheka mpaka akaweka kipepeo chini. "Hiyo si ya kupaka mwanangu, hiyo ya kupika."

Herufi moja tu, lakini hapo ndipo doo yako inaenda. Wakikuchemshia kuku kwa sufuria na nazi, hiyo ni mchuzi wa nazi, chakula poa kabisa, ila si ulichoitisha. Kwa hivyo acha nikuchoree.

Kuku anakatwa, anachanjwa kwa kisu ili viungo viingie, anakaa na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, pilipili na chumvi. Kisha makaa. Wakati anachomwa, tui linapikwa kando. Wenyewe hukuna nazi kwa mbuzi (ile ya kukalia, si ya nyama), wanakamua maji ya kwanza, yale mazito yanayoitwa tui la kasimile, na hilo ndilo linabeba kazi. Linawekwa manjano, pilipili, dhania, na ndimu au ukwaju wa kukata utamu. Linakorogwa bila kuacha, juu ukiliacha lichemke peke yake linakatika, mafuta yanaenda kivyake na maji kivyake. Ukiona sosi yako ina vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika, mpishi alikuwa kwa simu.

Halafu kuna suala la wakati. Nazi ina mafuta na sukari kidogo, kwa hivyo inaungua haraka. Ukipaka mapema, nje inakuwa nyeusi na ndani kuku bado anawika. Mchoma kuku mzuri hungoja nyama ikaribie kuiva ndipo aanze kupaka, anageuza, anapaka tena. Tui likidondoka kwenye makaa linatoa moshi, na ule moshi unarudi kushika nyama. Hiyo ladha huwezi kuipata kwa oveni, usidanganywe. Mwishowe anamwagiwa tui lililobaki, moto moto.

Nani aliianzisha? Hapo watu wanaweza kutoana jasho. Pwani watakwambia ni chakula cha Waswahili, na kweli nazi, makaa na hilo jina ni vya hapa. Familia za Wahindi wa Afrika Mashariki, hasa Makhoja, nao wanaihesabu kuwa yao, na wengi wao huongeza mayai ya kuchemsha na viazi. Maoni yangu? Mji wa bandari haupiki kitu kimoja peke yake. Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda mwaka wa 1972, wengi waliishia Uingereza na Canada, na chakula kikasafiri nao. Ndiyo maana leo unaweza kukuta "kuku paka" kwa menyu London, jina likiwa bado ni la Kiswahili.

Sasa, mambo kwa graundi. Zunguka Mji wa Kale, upande wa Kibokoni na zile njia nyembamba nyuma ya Fort Jesus. Usiende saa saba mchana ukitarajia maajabu. Wachoma kuku wengi wa barabarani hupata moto wao jioni, baada ya swala ya Magharibi, na hapo harufu ndiyo ramani. Wakati wa Ramadhani sehemu nyingi hufunga mchana kabisa, lakini usiku mtaa unaamka vibaya sana, na kuna vitu mezani ambavyo mwezi mwingine huvioni. Sehemu nyingi ni za halali na hakuna pombe, kwa hivyo hiyo chupa yako iache ulikoiacha. Salimia kwanza. Ukikuta mzee au mama wa makamo, shikamoo haigharimu kitu, na nimeona mara nyingi vile inaongeza sosi.

Kuitisha: kuku huuzwa kota, nusu au mzima. Kota ni ya paja au ya kidari, na mimi nitakwambia chukua paja, kidari hukauka haraka kwa makaa. Uliza bei kabla, na uliza kama mkate umo ndani ya hiyo bei, hapo ndipo wageni hukatwa. Ukipata mkate wa mofa, usiulize maswali. Kama haupo, chapati au wali wa nazi, ingawa nazi juu ya nazi kwa tumbo la bara ni vita, nimekuonya.

Usichanganye na tiki, au tika kama wengine wanavyosema. Hiyo nayo Mombasa wanaiweza mbaya, na Tarboush pale Makadara Road ni jina ambalo utatajiwa hata kabla hujauliza. Lakini kuku wa tika hulala kwenye mtindi na viungo, anatoka mwekundu na mkavu, na huliwa na naan na ukwaju. Hana tui. Nairobi unaipata kwa urahisi Diamond Plaza kule Parklands. Kupaka ya ukweli huku juu ni kazi kuipata.

Jambo moja ambalo si la mchezo: kuku mbichi atakulaza hospitali na likizo iishie hapo. Kabla ya kuuma, chana karibu na mfupa wa paja. Nyama ikiwa inang'aa, inavutika kama mpira na maji yake ni mekundu, rudisha bila aibu, arudishwe kwa moto. Ukiona wekundu kidogo kwenye mfupa wenyewe lakini nyama imekuwa nyeupe na maji ni safi, hiyo mara nyingi ni kuku wa broila mchanga, mifupa yake huachilia rangi. Wenye kipimajoto nyumbani, lenga nyuzi 74 katikati ya nyama.

Na ukitaka kujaribu mwenyewe, kuku mmoja kwa nazi mbili kubwa inatosha. Kama ni wa kienyeji mchemshe kwanza, la sivyo utatafuna mpaka Jumatatu. Jiko liwe nje au kwa rufu. Tafadhali usiwashe makaa ndani ya bedsita eti kuna mvua. Ule moshi usioonekana huua watu wakiwa wamelala, na hutasikia harufu yoyote ya kukuamsha.

Mombasa lakini hakuna haja ya kujisumbua. Kaa kwa benchi, nawa mikono, tumia ule wa kulia. Na kama sufuria ya tui bado iko kando ya moto, omba uongezewe kabla mkate haujapoa.