Ziwa Lililofutwa Nyuma ya Bibi Harusi

Nenda ufukwe wa Mbamba Bay Jumamosi jioni, ukawakute maharusi wanapigwa picha. Mpiga picha kachuchumaa mchangani na DSLR yake, lenzi ya milimita 50, tundu kalifungua mpaka f/1.8. Picha ikitoka, bibi harusi anang'aa, kope zake unaweza kuzihesabu. Nyuma yake kuna buluu tu, laini kama pamba. Hilo ndilo Ziwa Nyasa.

Picha hiyo watu wanaipenda, hata mimi naipenda. Lakini nikiitazama kwa jicho la historia, naingiwa na wasiwasi.

Lenzi huweka wazi umbali mmoja tu. Mbele na nyuma ya hapo kuna eneo ambalo jicho bado linaliona kali. Eneo hilo linategemea tundu, urefu wa lenzi na umbali wa anayepigwa. Kwenye kamera ya sensa ndogo, kama nyingi za bei nafuu, milimita 50 kwa f/1.8 na mtu akiwa mita 2, eneo hilo ni sentimita 12 hivi. Pua na masikio, basi. Zungusha lenzi ya kawaida hadi milimita 18, bana tundu mpaka f/11, mtu abaki palepale: kila kitu kuanzia mita 1 hivi hadi milima ya mbali kinatoka kali.

Wapiga picha wa zamani hawakuwa na urahisi huo. Bamba la kioo likiwa kubwa, eneo kali hupungua. Ilibidi tundu libanwe sana, kamera ikae kwenye miguu mitatu, na watu wasimame kimya bila kutikisika. Ukitaka kuona matokeo, tafuta picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga nchi hii enzi za ukoloni. Tangu Desemba 2008, Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani iliziachia kwenye mtandao wa Wikimedia. Katika nyingi, uso wa mtu ni mkali na nyumba iliyo nyuma ni kali vilevile.

Tusidanganyane, haukuwa upendo. Mkoloni aliipiga ardhi picha kwa sababu aliitaka, na watu wengi mle hawana majina. Hata hivyo, kwa kuwa nyuma kunaonekana, leo tunaweza kusoma asichokusudia: paa limeezekwaje, shamba limelimwaje, mti gani ulikuwepo.

Chukua Liuli, kaskazini kidogo ya Mbamba Bay. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe la Pomonda linalofanana na sanamu ile ya Misri. Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja hapo kuishambulia Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Jina la Kijerumani limekufa, jiwe lipo. Mtu akipigwa picha pale na jiwe likaonekana, mjukuu wake atajua ni Liuli. Jiwe likiyeyuka kuwa ukungu, atajua tu kwamba bibi alikuwa mzuri.

Na huku kwetu mambo yanabadilika haraka. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mbamba Bay inajengwa bandari mpya. Kule juu, kwenye miteremko ya Umatengo, bado yapo mashamba ya ngoro, vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki ili mvua isibebe udongo. Siku moja mtu atauliza ufukwe ulikuwaje kabla ya gati, ngoro zilifika mlima gani. Hataenda kwenye ripoti peke yake. Atafungua albamu za harusi, kwa sababu huko ndiko picha zetu nyingi zilipo.

Simwambii mpiga picha aache f/1.8. Mteja kalipia urembo, apewe. Naomba picha moja tu, kabla jua halijazama: bwana na bibi harusi wasogee pembeni kidogo, lenzi ipanuliwe, tundu libanwe f/11. Mitumbwi ionekane, na wavuvi wanaochambua nyavu, na yule mtoto aliyekuja kuchungulia harusi.