Majina ya mitaa ya Mombasa ni kumbukumbu zetu

Mara nyingi nikikaa barazani na vijana huwasikia wakisema Kilindini ni jina la bandari, Changamwe ni pahala pa viwanda, na Jomvu ni pa kupita ukielekea Nairobi. Si uwongo, lakini ni nusu ya habari.

Kilindi ni maji yenye kina, ndiyo. Lakini kabla ya gati za meli kubwa kujengwa huko miaka ya 1920, palikuwa na Wakilindini. Hao pamoja na Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa. Wenzao ni Tisa Taifa, wakiwemo Wamvita na Wajomvu. Tisa na tatu ni kumi na mbili, ndiyo Thenashara Taifa, wenyeji wa mji huu. Kwa hivyo anayetaja Kilindini, Changamwe na Jomvu anataja watu kabla ya kutaja gati na barabara.

Njoo Mji wa Kale. Barabara yake kubwa ni Ndia Kuu. Mgeni hudhani herufi imekosewa, kumbe ndia ndiyo njia kwa Kimvita. Lugha ya wazee imebaki pale, jirani na Msikiti wa Mandhry unaohesabiwa kuwa umejengwa mwaka 1570. Huo ni mkongwe kuliko Ngomeni, ambako Wareno walianza kujenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa 1698, na Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958.

Makadara nako kuna habari yake. Jina hilo huunganishwa na neno la Kiarabu la kadari, yaani majaliwa ya Mwenyezi Mungu, na ni mtaa waliokaa askari wa Kibalushi waliotumikia utawala wa Kiomani. Marikiti hapahitaji tafsiri: ni soko lililopewa jina la Mackinnon, Mskoti wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani kabla ya serikali yao. Jina lake limesahaulika midomoni, neno la soko likabaki. Mwembe Tayari, Mwembe Kuku na Mbuyuni zinatukumbusha wakati ambapo mti ulitosha kumwelekeza mtu.

Ukivuka Nyali unafika Kengeleni. Kengele yenyewe ipo, karibu na kanisa la Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Kituo cha matatu kimebeba habari nzito namna hiyo, na maelfu hushuka hapo kila siku bila kuuliza ni kengele gani.

Hofu yangu ni hii. Siku hizi nyumba ya zamani ikivunjwa, ghorofa inayosimama hupewa jina la kigeni, na baada ya miaka michache jina la jengo ndilo linalotumiwa kuelekeza watu. Mtaa unamezwa. Mzozo wa ardhi, kaburi au wakfu ukizuka, mara nyingi ushahidi wa kwanza wa mwenyeji huwa ni jina: hapa paliitwaje, na nani walikaa? Jina likishapotea, mzee anabaki na maneno yasiyo na pa kushika. Mwacha mila ni mtumwa.

Rai yangu ni ndogo. Wenye kuweka vibao vya barabara waandike majina ya mitaa kama wenyeji wanavyoyatamka, na Ndia Kuu isije ikasahihishwa. Walimu wa madrasa na wa skuli wawape watoto kazi ya kumuuliza babu au bibi jina la mtaa wao na sababu yake, kisha waandike. Nawe msomaji, ukiulizwa unakaa wapi, anza kwa kutaja mtaa, ndipo utaje jengo.